Dohani ya Kwanza Ijengwe Jikoni



Wanangu mnaojenga, kila mwisho wa mwaka mnapanda mabasi kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya kuja nyumbani, na kila mara naona misingi mipya ikichimbwa huku kwetu Njombe na Makete. Mnajenga vizuri, na sisi wazee wenu tunafarijika. Katika ramani nyingi mnazoniletea kuna sebule pana yenye mahali pa kuotea moto, na juu ya bati inachomoza dohani ya tofali za kuchoma. Sina ubishi na hilo. Anayeijua baridi yetu ya Juni na Julai, asubuhi majani yakiwa meupe kwa umande ulioganda, hawezi kumlaumu mtu anayetaka moto sebuleni. Lakini nikizunguka nyuma ya nyumba hiyohiyo nakuta jiko la mama ni kibanda kilekile cha zamani: mafiga matatu, kuta nyeusi tii, moshi ukihangaika kutafuta njia mlangoni na kwenye upenyo wa paa. Moto wa sebuleni huwashwa jioni za msimu wa baridi. Moto wa jikoni unawaka asubuhi, mchana na usiku, mwaka mzima, na mtu ameinama juu yake. Ndiyo maana mimi, fundi mwashi niliyezeekea kazini, nawausia hivi: dohani ya kwanza ijengwe jikoni. Ya sebuleni itafuata.

Ili wosia huu uwafae, ni lazima mjue dohani inavyofanya kazi. Asiyejua hilo hutoboa paa, huchomeka bomba, kisha hushangaa moshi unaporudi ndani.

Wengi hudhani dohani ni tundu tu la kupitishia moshi. Sivyo. Dohani inafanya kazi, na kinachoiendesha ni joto. Hewa ikipata moto hutanuka, na ikitanuka huwa nyepesi. Karibu na usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida ina uzito wa takriban kilo 1.2. Ipasheni hadi nyuzi 200 za Selsiasi, ujazo uleule utabaki na kama kilo 0.75. Sasa wekeni akilini bomba la mita 6 lililojaa hewa hiyo nyepesi, na nje yake hewa nzito ya baridi imesimama kwa kimo kilekile. Ni kama mizani ya sahani mbili: upande mzito unashuka, upande mwepesi unapanda. Hewa nzito ya nje inaingia chini kwenye mdomo wa jiko na kuisukuma ile nyepesi mpaka itokee juu. Kwa hiyo msidhani kuna kitu juu ya paa kinachouvuta moshi. Unasukumwa kutoka chini, na hewa ya baridi inayoingia.

Jambo la kushika hapo ni kwamba nguvu hiyo ni ndogo mno. Kwa dohani ya mita 6 niliyoitaja, haifiki uzito wa kilo 3 uliotandazwa juu ya eneo la mita moja ya mraba. Huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ina uzito pungufu kwa kama moja ya tano, basi na nguvu hupungua kwa kiasi hicho. Nguvu ndogo namna hii hushindwa na vitu vidogo: kona isiyo ya lazima, ufa kwenye kiungo, masizi yaliyoganda, dirisha lililofungwa. Mkijenga dohani, kumbukeni wakati wote kwamba mnamhudumia mfanyakazi dhaifu, asiyetakiwa kuongezewa mzigo.

Tuanze na joto. Dohani iliyojengwa ndani ya nyumba hubaki na uvuguvugu. Iliyobandikwa nje ya ukuta, upande unaopigwa na upepo, hupoa, na moshi unaopoa njiani hupoteza nguvu ya kupanda. Bomba la bati jembamba hupoa upesi kuliko dohani ya tofali, kwa hiyo sehemu yake kubwa iwe ndani ya jengo, na kipande kinachochungulia nje kisizidi kinachohitajika. Asubuhi ya baridi mtakuta dohani imejaa hewa nzito iliyolala humo usiku kucha. Ukiwasha kuni hapohapo, moshi wote unamwagika chumbani. Chukua karatasi kavu, ikunje, iwashe, kisha iinue mpaka kwenye koo la dohani, pale moshi unapoingilia, na uishike hapo. Mwanzoni mwali wake utayumba, pengine utainama kukuelekea. Kidogo kidogo utanyooka, kisha utaelekea juu na kuanza kuvuma. Hapo dohani imeamka, na unaweza kuwasha kuni.

Sasa kimo. Kanuni ya mafundi ni kwamba dohani ipande angalau sentimita 90 juu ya pale inapotokea kwenye paa, tena iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo, ukiwemo mgongo wa paa lenyewe. Sababu ni upepo. Upepo ukivuka mgongo wa paa hujikunja na kushuka upande wa pili, na dohani fupi iliyojificha hapo hupigwa na hewa inayoshuka, moshi ukarudishwa ndani. Nyumba iliyo chini ya kilima au karibu na mikaratusi mirefu hupata taabu hiyohiyo. Kabla ya kuchagua upande wa kuweka dohani, simameni uwanjani jioni kadhaa mtazame upepo unatoka wapi.

La tatu ni hewa ya kuingia, na hili ndilo linalowashinda wengi siku hizi. Moshi hauwezi kutoka kama hakuna hewa inayoshika nafasi yake. Nyumba za zamani zilikuwa na upenyo kila mahali, na moto ulipata hewa bila mtu kufikiri. Nyumba zenu zina madirisha ya alumini, dari la jipsamu na milango inayoziba sawasawa. Moto ukishamaliza hewa ya chumbani, unaanza kuitafuta, na njia iliyobaki wazi ni dohani yenyewe. Kipimo chake ni chepesi. Moshi ukirudi sebuleni, fungua dirisha lililo karibu upana wa vidole viwili, ungoje kidogo. Moshi ukinyooka na kupanda, dohani yako haina kosa, kosa ni kuunyima moto hewa. Acheni tundu la hewa karibu na meko tangu mnapojenga, lenye wavu wa kuzuia panya, ili msije mkavunja ukuta baadaye.

Ukubwa wa njia nao una hesabu yake. Watu huniambia, "Mzee, weka pana, moshi upite kwa raha." Njia pana kupita kiasi huupoza moshi na kuupunguzia mwendo, na upepo wa nje hupata nafasi ya kushuka. Kwa meko ya kuotea moto yenye dohani ya pembe nne, eneo la njia ya moshi liwe kama sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo wa meko. Mdomo wa sentimita 80 kwa 70 una sentimita za mraba 5,600, basi njia yake iwe kama sentimita 24 kwa 24. Dohani ikiwa ya mviringo, moja ya kumi na mbili inatosha, kwa kuwa moshi hupita kwenye duara bila kukwama pembeni.

Mtu aliyeyaeleza haya kwa kina ni Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts huko Marekani, aliyejulikana zaidi kwa cheo chake, Count Rumford. Aliyakuta meko ya London makubwa, ya kina kirefu, yenye koo pana, yakijaza vyumba moshi na kupeleka joto angani. Mwaka 1796 alichapisha maelezo ya namna ya kuyarekebisha: punguza kina cha meko, panua kuta za pembeni zitazame chumbani ili zirudishe joto kwa watu, na bana koo pale moshi unapoingia kwenye dohani ili usilegee. Hakuhitaji kubomoa nyumba. Aliongeza tofali chache mahali panapostahili, na mafundi wanaojenga meko mazuri leo bado wanafuata vipimo vyake. Usione vyaelea, vimeundwa.

Turudi jikoni, maana huko ndiko ninakotaka fedha yenu ya kwanza iende.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto wadogo, kwa sababu ndio wanaokaa karibu na mafiga: mama anapika, mtoto yuko mgongoni. Kikohozi kile cha bibi zenu tulichozoea kukiita uzee, macho yale mekundu yanayotoka machozi, mara nyingi vilianzia kwenye kibanda kile. Tumeishi navyo mpaka tukaviona ni hali ya maisha. Ninyi mmesoma, msiviache hivyo.

Jengeni jiko banifu la tofali na udongo, lenye chumba kimoja cha moto, matundu mawili ya vyungu na bomba la moshi nyuma. Moto unapita chini ya chungu cha kwanza, unakwenda cha pili, kisha moshi unapanda bombani ukiwa umekwisha kufanya kazi. Bomba la sentimita 10 hadi 15 kwa upana linatosha jiko la familia. Vyungu viketi vizuri kwenye matundu yake, pasibaki nafasi ya kidole pembeni. Tundu lisilo na chungu lifunikwe, kwa sababu likiachwa wazi hewa baridi itaingia kupitia hapo badala ya kupita kwenye kuni, na moto utaanza kutoa moshi mdomoni. Nimewaona akina mama wakilaumiwa kwamba hawajui kutumia jiko jipya, kumbe fundi aliwaachia tundu kubwa kuliko sufuria zao. Pimeni sufuria za mama kwanza, ndipo mkate udongo.

Bomba la bati likae mbali na mbao na kitu chochote kinachoshika moto kwa sentimita 45 au zaidi. Pale linapopita kwenye paa, ondoeni mbao zilizo karibu na muweke bati pana kuzunguka. Kama paa ni la nyasi, msipitishe bati hata kidogo, jengeni dohani ya tofali. Juu wekeni kofia ya kuzuia mvua, na kati ya kofia na mdomo wa bomba pawe na nafasi ya kutosha. Kofia iliyobana ni kizibo.

Lakini kabla ya kugusa mafiga, kaeni na mama mwongee. Moshi wa jikoni una kazi nyingine ambayo ramani zenu haziioni. Darini juu ya moto kuna mahindi ya mbegu, na moshi ndio unaoyakausha na kuyalinda na fukusi. Ukiutoa moshi bila kumpa njia nyingine ya kuhifadhi, utakuwa umemtatulia shida moja na kumletea ya pili, na akirudi kwenye mafiga usimwone mkaidi. Mnunulieni mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhia nafaka, au mjenge ghala lililoinuliwa. Mwulizeni pia anapenda kupika akiwa amesimama au ameketi, na mlango wa kuni uwe upande gani. Jiko ni ofisi yake, naye ndiye mwenye kuijua.

Wala msidhani dohani inamaliza yote. Kwenye nyanda za juu za Guatemala, ambako familia za wakulima hupika kwa kuni kama sisi, watafiti waliwapa baadhi ya kaya majiko yenye dohani na kuzilinganisha na zilizobaki na moto wa wazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba watoto wa kaya zenye dohani walivuta nusu tu ya hewa ile chafu, na nimonia kali ilipungua kwa karibu theluthi moja. Ni faida kubwa, ila nusu nyingine ya moshi ilibaki. Dohani haiifuti sumu, inaihamisha kutoka ndani kwenda nje, na sehemu yake hurudi kupitia madirisha. Ndiyo maana nafurahi kwamba mwezi wa Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mwenye uwezo wa kumwekea mama gesi au umeme leo, aweke. Mama anayesubiri zamu yake asisubiri ndani ya moshi.

Nawaonya pia juu ya moto usio na moshi. Mkaa ukishakolea hauonekani kutoa kitu, na watu hulichukua jiko wakaliingiza chumbani wapate joto la kulalia. Kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyolala hivyo na haikuamka. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo damu huikamata kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na katika usingizi huo ndimo anamopotelea. Jiko la mkaa halilali na watu. Na dohani iliyoziba wakati moto bado unafukuta hutoa gesi hiyohiyo ndani, kwa hiyo msifunge kilango cha koo la dohani mpaka makaa yote yawe yamezimika kabisa.

Mkishajenga, mtunze. Kuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake, na moshi wake hupanda ukiwa baridi na mzito. Ukifika kwenye kuta za dohani hugandisha lami nyeusi inayong'aa, na lami hiyo hushika moto. Ikiwaka, mtasikia mngurumo ndani ya dohani kama gari linapita. Toeni watu nje, zibeni mdomo wa meko ili moto ukose hewa, iteni msaada, na msimwage maji ndani ya dohani iliyo moto, itapasuka. Heri kuzuia. Pasueni kuni mapema na mziweke chini ya kipaa ambako upepo unapita, hadi unyevu wake ushuke chini ya asilimia 20. Bila kipimo mtazijua hivi: kuni kavu ina nyufa kwenye miisho, ni nyepesi mkononi, na ukigonga mbili pamoja zinalia kwa sauti kali. Kuni mbichi hulia kwa sauti butu, na motoni hutokwa povu mwishoni.

Dohani ya meko isafishwe angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi. Bomba la jikoni linataka zaidi, na macho yenu yatawaambia lini: moshi ukianza kuvuja mdomoni, masizi yamejaa. Acheni mlango mdogo wa kusafishia chini ya bomba tangu siku ya kujenga. Mwenye kusafisha afunge kitambaa puani na mdomoni, na akimaliza aoge vizuri. Masizi yana historia mbaya. Huko Uingereza watoto wadogo waliingizwa ndani ya dohani kuzikwangua, na mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza kwamba masizi ndiyo yaliyowaletea wafagiaji wa dohani saratani ya ngozi ya korodani. Ilichukua miaka 100 mpaka sheria ya mwaka 1875 ikakomesha kweli kuwatumia watoto katika kazi ile. Sisi tunayajua hayo tangu mwanzo. Kazi ya masizi ni ya mtu mzima.

Na ninyi vijana mafundi, mnaoshika mwiko wetu sasa, nawaachia desturi moja. Msichukue malipo ya mwisho siku mnayomaliza kupiga lipu. Acheni udongo ukauke, kisha rudini siku mama anapopika. Ketini jikoni chakula kikiwa motoni, milango ikiwa imefungwa kama anavyoifunga yeye wakati wa baridi, na mtazame moshi unakwenda wapi. Kama unavuja, tafuteni sababu hapohapo: hewa, kimo, tundu la chungu, kiungo cha bomba. Rekebisheni kwa gharama yenu. Mwenye jiko ndiye atakayesema kazi imekwisha, hata kama fedha imetoka kwa mwanawe aliye mjini. Fundi anayefanya hivyo hatatembea kuomba kazi, na atakuwa amewaongezea watu miaka ya kuishi bila wao kujua ni nani wa kumshukuru.

Mungu awabariki katika ujenzi wenu, na awape mama zenu pumzi nyepesi.